Kibong'oto: nani abebe mzigo wa kifua kikuu?

Ukitoka Moshi kwa barabara ya Arusha, ukafika Boma Ng'ombe na kukata kulia kuelekea Sanya Juu, utaanza kuhisi ubaridi. Joto la mjini linabaki nyuma na unapanda taratibu upande wa magharibi wa Kilimanjaro. Huko, wilayani Siha, ndiko iliko Hospitali ya Kibong'oto. Ilianzishwa mwaka 1926, enzi za Mwingereza, kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, yaani TB. Leo ni hospitali maalumu ya magonjwa ambukizi, lakini jina lake bado linakwenda pamoja na TB.

Tukifundishwa maadili ya tiba darasani, mara nyingi tunapewa orodha ya kukariri: uhuru wa mgonjwa kujiamulia, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki. Orodha hiyo ya kanuni nne ilienezwa na Wamarekani wawili, Tom Beauchamp na James Childress, katika kitabu chao cha mwaka 1979. Ni orodha nzuri, ila ukiikariri tu haikusaidii sana siku kanuni hizo zinapogombana zenyewe kwa zenyewe. Na hakuna ugonjwa unaozigombanisha kama TB.

Hebu fikiria hivi. Mama mmoja amegundulika ana TB ya mapafu. Ana watoto wadogo, ana kihamba chenye migomba na kahawa, na hana wa kumwachia. Daktari anamwambia alazwe. Yeye anajibu, "Dokta, nimekusikia. Na watoto wangu je?" Akirudi nyumbani bila dawa, anaweza kuwaambukiza haohao watoto anaowahangaikia. Akilazwa, nani atawalisha? Sasa wewe niambie: ana haki ya kuondoka? Na sisi wengine tuna haki ya kumzuia?

Swali hili lina umri mkubwa kuliko sisi sote. Jambo linalonivutia ni kwamba katika karibu miaka mia moja ya Kibong'oto, jibu lake limebadilika mara kadhaa. Halikubadilika kwa sababu wanafalsafa walishindana mpaka mmoja akashinda. Kila mara lilibadilika baada ya mtu kupata dawa mpya, au kupanga huduma kwa namna mpya. Twende hatua kwa hatua.

Enzi za hewa safi

Robert Koch alitangaza kimelea cha TB mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Kujua adui ni nani, hata hivyo, hakukuleta silaha. Kwa zaidi ya miaka 60 baada ya hapo hapakuwa na dawa ya kuua kimelea hicho ndani ya mwili wa mtu. Kilichokuwepo ni kitanda, chakula kizuri, mapumziko na hewa. Ulaya wagonjwa wenye uwezo walipelekwa milimani, sehemu kama Davos kule Uswisi, wakae miezi au miaka katika hospitali za mapumziko. Kwa hiyo si ajabu ukikuta hospitali ya kifua mwaka 1926 iko kwenye mteremko wa Kilimanjaro na si kwenye joto la Pwani.

Katika hali hiyo, kumlaza mgonjwa kulikuwa na maana gani kimaadili? Kwake yeye faida haikuwa ya uhakika. Faida iliyo wazi zaidi ilikuwa ya wengine: akiwa hospitali, hakohoi ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha usiku wa baridi, watoto wamelala pembeni. TB husafiri kwa hewa. Haiambukizwi kwa kunywea mbege kwenye kata moja, wala kwa kupeana mkono, ingawa imani hizo zimewafanya wagonjwa wengi watengewe vyombo na kuaibishwa bure. Tatizo ni hewa mnayovuta pamoja, kwa muda mrefu, ndani ya chumba kisichopitisha upepo.

Hapa nadharia mbili za zamani zinakutana uso kwa uso. Ya kwanza hupima tendo kwa matokeo yake: lililo jema ni lile linaloleta faida kubwa kwa watu wengi. John Stuart Mill, mmoja wa mabingwa wa nadharia hiyo, aliandika mwaka 1859 kwamba sababu pekee halali ya kumzuia mtu kufanya atakalo ni kuwakinga wengine na madhara. Mgonjwa anayeambukiza anaingia hapo moja kwa moja. Ya pili ni ya wajibu, ya Immanuel Kant: usimtumie mtu kama chombo tu cha kufikia lengo lako, hata lengo likiwa zuri. Mgonjwa anayefungiwa mbali na kwao, bila dawa, ili wengine wapone roho zao, anafanywa ukuta wa kinga. Mpaka hapo, daktari wa 1926 alikuwa amebanwa kwelikweli. Hakuwa na njia ya tatu.

Dawa inafika, na swali linageuka

Mwaka 1943, huko Marekani, ikapatikana streptomaisini. Kwa mara ya kwanza kukawa na dawa inayokishambulia kimelea cha TB ndani ya mgonjwa. Uingereza baada ya vita haikuwa na fedha za kigeni za kununua dawa ya kutosha. Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo likaamua kwamba, kwa kuwa dawa haiwatoshi wote, basi angalau igawanywe kwa namna itakayotoa jibu: inafanya kazi au haifanyi?

Wagonjwa 107 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wagonjwa 55 walipata streptomaisini pamoja na mapumziko ya kitandani, na 52 walipata mapumziko peke yake, ambayo ndiyo ilikuwa tiba ya kawaida. Baada ya miezi 6, waliokufa kundi la dawa walikuwa 4. Kundi la pili walikuwa 14. Taarifa ilichapishwa mwaka 1948, na mpaka leo wanasayansi wanaitaja kama kielelezo cha jaribio la tiba lililopangwa vizuri.

Kuna jambo moja linaloweza kukushtua. Wagonjwa wa lile kundi la pili hawakuambiwa kwamba wako kwenye jaribio. Leo kamati yoyote ya maadili, iwe ya chuo pale Moshi au ya taifa, ingekurudishia karatasi zako siku hiyohiyo. Lakini kabla hujawahukumu, angalia upande wa pili: dawa ilikuwa chache kweli, na kura ya bahati nasibu haina upendeleo wa tajiri wala wa mjomba wa daktari. Kanuni ya haki iliheshimiwa, kanuni ya uhuru ikakanyagwa. Inawezekana kabisa kufanya sawa upande mmoja na kukosea upande mwingine kwa tendo lilelile.

Ushindi ule nao haukudumu. Vimelea vilijenga usugu dhidi ya streptomaisini ikitumika peke yake, na wagonjwa wengi wakarudiwa na ugonjwa. Madaktari wakajifunza kuchanganya dawa mbili au tatu kwa pamoja, kwa muda mrefu, kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Somo la usugu lishike, maana litarudi.

Jaribio lililotikisa kabisa msingi wa hospitali kama Kibong'oto lilifanyika mbali, Madras, kule India, na matokeo yake yakatoka mwaka 1959. Wagonjwa 193 maskini waligawanywa: nusu walazwe hospitali ya mapumziko yenye chakula na uangalizi, nusu watibiwe nyumbani, kwenye vyumba vyao vya msongamano. Wote walipewa dawa zilezile kwa mwaka mmoja. Matokeo ya tiba yalikaribiana. Zaidi ya hapo, ndugu waliokuwa wakiishi na wagonjwa waliotibiwa nyumbani hawakuonekana kuugua zaidi ya ndugu wa wale waliolazwa. Maelezo yake ni rahisi: mgonjwa akishaanza dawa zinazofanya kazi, uwezo wake wa kuambukiza unashuka haraka. Hatari kubwa ni ile miezi kabla hajagunduliwa.

Rudi sasa kwa yule mama wa kihamba. Hoja ya kumzuia hospitali ilitegemea kwamba kukaa kwake nyumbani ni hatari kwa wengine. Kama ana dawa na anazimeza, hoja hiyo inapoteza nguvu nyingi. Mgongano wa Mill na Kant haukutatuliwa. Ulipungua tu, kwa sababu ukweli wa kisayansi uliokuwa chini yake ulibadilika.

Miezi kumi na minane hadi sita

Lakini anazimeza kweli? Hapo ndipo kazi ilipohamia. Kumeza dawa mwaka mmoja na nusu si mchezo. Baada ya miezi miwili kikohozi kimeisha, nguvu zimerudi, na shamba linamwita. Wengi waliacha njiani.

Mnamo miaka ya 1970 majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, kwa ushirikiano na lile baraza la Uingereza, yalionyesha kwamba ukiongeza rifampisini au pirazinamidi kwenye mchanganyiko, miezi 6 inatosha kwa wagonjwa wengi. Dozi fupi inayotumika duniani leo ilipimwa hapa kwetu, kwenye miili ya Waafrika Mashariki. Ukisikia mtu anasema sisi ni wapokeaji tu wa tiba za wengine, mkumbushe.

Mwaka 1977 Tanzania ikaanza Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ikisaidiwa na daktari mzaliwa wa Chekoslovakia, Karel Styblo. Mzee huyu alikuwa ameugua TB mwenyewe, katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Mauthausen. Mpango ulijengwa juu ya mambo ya kawaida: makohozi yapimwe kwa hadubini kila wilaya, dawa zisikatike, kila mgonjwa aandikwe kwenye daftari na ajulikane aliishia wapi, amepona, ameacha au amefariki. Mwaka 1993 Benki ya Dunia iliitaja tiba ya TB ya namna hii kuwa miongoni mwa huduma za afya zenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Kutoka kwenye uzoefu wa Tanzania na nchi chache nyingine, Shirika la Afya Duniani likatengeneza mkakati ulioenea ulimwenguni kwa jina la DOTS.

Faida ilikuwa kubwa, lakini bei yake ilikuwepo. Rifampisini ilikuwa ghali, hivyo ilitolewa miezi 2 ya mwanzo, na wagonjwa wengi walilazwa katika miezi hiyo ili dawa isipotee. Miezi 6 iliyofuata walipewa isoniazidi na thiasetazoni, kwa sababu thiasetazoni ilikuwa rahisi kwa bei. Halafu UKIMWI ukaingia. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa Nairobi walionyesha kwamba karibu mgonjwa 1 kati ya 5 mwenye VVU aliyepewa thiasetazoni alipata madhara makali ya ngozi, wengine ngozi ikibabuka kama ya mtu aliyeungua, na wapo waliokufa. Kwa wasio na VVU ilikuwa 1 hivi kati ya 100. Basi dawa iliyochaguliwa kwa hesabu ya faida ya wengi ikawa inawaumiza walio dhaifu kuliko wote. Kanuni ya kutodhuru ikagonga meza, na taratibu dawa hiyo ikaondolewa.

Kulikuwa na mzigo mwingine ambao haukuonekana kwenye madaftari. Kumeza dawa mbele ya mhudumu kila siku maana yake ni kutembea hadi zahanati kila siku. Serikali inahesabu vidonge na mgonjwa anahesabu nauli. Waswahili walishasema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwaka 2006 Tanzania ilianza utaratibu unaomweka mgonjwa katikati: anachagua mwenyewe kama atameza dawa kituoni au nyumbani, akisimamiwa na mtu anayemwamini, mwenza, ndugu au jirani. Uhuru wa mgonjwa ukaacha kuwa maneno ya kwenye kitabu, ukawa swali ambalo nesi anauliza: "Mama, ungependa nani akusimamie?"

Somo la usugu linarudi

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa tamu. Lakini wakati huo TB sugu, isiyosikia isoniazidi na rifampisini, ilikuwa imeshafika. Tanzania ilianza kuitibu Novemba 2009, na mahali pa kuitibia palikuwa Kibong'oto peke yake.

Angalia maana yake kwa ramani. Mgonjwa wa Mtwara au wa Mwanza alilazimika kuletwa mpaka Siha. Alipaswa kukaa hospitali miezi isiyopungua 6 akidungwa sindano karibu kila siku, kisha aendelee na vidonge mpaka jumla ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Sindano zenyewe, kama kanamaisini, zinaweza kuharibu usikivu, na masikio yakishakufa hayarudi. Kwa hiyo ridhaa ya mgonjwa ilikuwa ridhaa ya namna gani? Kwenye karatasi alikubali. Lakini mtu anayechagua kati ya kufa na kuwa kiziwi, kati ya familia na uhai, amechagua kweli?

Tazama jinsi historia ilivyojirudia. Miaka 83 baada ya kuanzishwa, mteremko uleule ulikuwa tena mahali pa kupeleka watu mbali na kwao, kwa sababu ileile: dawa hafifu, wataalamu wachache, na hofu ya kuambukiza. Na kama mwanzo, mzigo mkubwa ulibebwa na mgonjwa kwa niaba yetu sote.

Kilichotokea jirani kinaonyesha mambo yanavyoweza kwenda vibaya zaidi. Agosti 2010, Kapsabet nchini Kenya, wagonjwa wawili wa TB walioacha dawa walihukumiwa na mahakama kukaa gerezani miezi 8, chini ya kifungu cha Sheria ya Afya ya Umma kinachoruhusu kutengwa kwa wagonjwa. Jela! Mahali penye msongamano na hewa hafifu. Hata ukitumia hesabu ya matokeo peke yake, bila kumgusa Kant, uamuzi huo unashindwa: umewachukua watu wanaoweza kuambukiza na kuwaweka chumba kimoja na watu wasioweza kukimbia. Mwaka 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba kuwafunga gerezani kulikiuka Katiba. Hakusema serikali haiwezi kumtenga mgonjwa kamwe. Alichokataa ni gereza, na akaitaka serikali iweke sera ya kutenga wagonjwa inayoheshimu haki zao.

Sisi pia tuna Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, inayotoa mamlaka ya kutenga wagonjwa wa kuambukiza. Ni sheria inayohitajika. Lakini sheria inasema unaweza. Maadili yanauliza: umeshafanya nini kabla?

Deni la jamii

Mwongozo wa maadili ya TB uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 unasema kumtenga mtu kwa nguvu kuwe hatua ya mwisho kabisa, baada ya njia nyepesi kushindwa. Unataja pia jambo ambalo kwenye ile orodha ya kanuni nne halionekani waziwazi: kulipana. Tukimwomba mtu ajinyime uhuru kwa ajili yetu, sisi tunakuwa na deni kwake. Hilo si wazo la kigeni. Kwenye vijiji vya mlimani, na vya kwingineko, jirani akilazwa watu huenda kumpalilia na kumlishia ng'ombe. Wazo la kulipana linasema tu kwamba jambo hilo lisiachiwe huruma ya majirani peke yao. Liwe sehemu ya tiba: nauli, chakula, kipimo cha masikio kwa anayedungwa sindano, na dawa bora mara zinapopatikana.

Deni hilo kwa sehemu limeanza kulipwa. Tiba ya TB sugu baadaye ilisogezwa kwenye hospitali nyingine nchini. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani halipendekezi tena kanamaisini, na dawa za kumeza kama bedakwilini zikachukua nafasi ya sindano. Mgonjwa wa leo haombwi masikio yake. Tena basi, swali lililoonekana kuwa fumbo la kimaadili lilipungua mtu alipotengeneza njia ya tatu.

Kwa hiyo ukikutana na kesi kama ya yule mama, darasani au wodini, usianze kwa kuuliza nani ashinde, yeye au jamii. Anza na maswali ya chini zaidi. Je, hatari ni ya kweli kwa ushahidi wa leo, au tunarithi hofu ya 1926? Kuna njia nyepesi ambayo hatujaijaribu kwa sababu ni ghali kwetu na si kwake? Na tukimwomba abaki, tumemwandalia nini?

Sitakudanganya kwamba maswali hayo humaliza kila kesi. Atakuwepo mgonjwa mwenye TB sugu ambaye amepewa kila kitu, nauli, chakula, dawa nzuri, msimamizi wa kuchagua mwenyewe, na bado anakataa na anaishi chumba kimoja na watoto watano. Huyo itabidi tumzuie. Lakini tuwe tumelipa deni kwanza, ili siku tukimfungia mlango, tuweze kumtazama usoni.